Tezi Aliyoichonga Mzee Kondo

Nyie vijana wachongaji wa Mwenge mnaonipitia huku Kawe mkiniuliza kama mikono bado inafanya kazi, jibu ni haifanyi. Vidole vimekakamaa. Asubuhi binti yangu ndiye ananifungulia chupa ya chai. Lakini mchana nikikaa barazani, jua likishika ukuta wa jirani na upepo ukianza kunilegeza, mikono hii inachonga yenyewe. Naisikia tezo inagonga gogo, naisikia harufu ya mninga uliopasuliwa sasa hivi, na kidole gumba kinaanza kuzunguka juu ya paja langu kama kinasugua kitu. Binti yangu huwa anasema baba amelala. Sijalala. Niko kazini.

Habari za twiga leo sina. Twiga nimechonga mpaka nikawachukia, na nyie mnaowachonga sasa mnakosea shingo zao vilevile nilivyokosea mie. Leo nataka kuwaeleza ile kazi mnayoicheka mkikaa kwenye chai: vile vinyago vya viungo vya uzazi vya mwanaume. Ndiyo, mie Kulwa, Mnyamwezi wa Tabora, ndiye niliyevichonga. Na nataka mjue habari za mtani wangu Mzee Kondo, ambaye alikuwa anakufa kwa kuona haya na sie wote tumekaa pembeni yake tunapiga msasa.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa Tandika kule Temeke, anavuka mji kila siku kuja Mwenge. Benchi lake lilikuwa limegusana na langu. Ujanani kwao alichonga mwanahiti, yule mtoto wa mti anayepewa mwali akiwa ndani, na mtu aliyejifunza kwa kuchonga mwanahiti ana kitu kwenye vidole ambacho wengine hatuna. Kitu kidogo cha mviringo, mpe Kondo. Alikuwa halitazami umbo, alikuwa analifumbia macho na kulipitishia kidole gumba, halafu anasema hapa pamezidi. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mie. Jicho linapenda kudanganywa, kidole hakidanganyiki kirahisi. Mkitoka hapa kajaribuni.

Nyie wa siku hizi utani mnaujua kwa kusikia tu, kwa hiyo nieleze. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za babu zetu kushuka pwani na mizigo kichwani. Mtani wako unaweza kumwambia neno ambalo mwanawe wa kumzaa hathubutu. Akifiwa, unaweza kwenda kulala kwenye jeneza ukagoma kutoka mpaka upewe unachotaka. Unaweza kumkamatia kitu chake na asikikomboe mpaka akulipe, na haruhusiwi kununa. Mie na Mzee Kondo tulitukanana miaka yote ile, kila asubuhi kabla ya chai, na hakuna hata siku moja tuliyogombana.

Kazi ililetwa na Madam Felista, mwalimu wa chuo kimoja cha uuguzi. Alikuja bandani na mfuko wa kitenge, akatoa humo sanamu ya plastiki iliyotoka nje ya nchi, au tuseme mabaki yake. Wanafunzi walikuwa wameidondosha mara nyingi. Kibofu kimepasuka, korodani imebaki moja. Akauliza kwa sauti ileile ya darasani nani anaweza kumchongea nyingine ya mti, nzima, inayofunguka katikati. Banda zima likaanza kucheka. Mzee Kondo hakuinua hata kichwa. Akamwambia mpe huyo Mnyamwezi, hao wamezoea kubeba mizigo ya watu.

Basi nikaichukua. Mpingo niliukataa. Mpingo ni mzito na unakula makali ya patasi, na kinyago kikimdondokea mwanafunzi mguuni tutaongea mengine. Nilichukua mninga uliokauka sawasawa, nikaupasua kwa urefu vipande viwili vinavyoshikana kwa vigingi vidogo. Kila mrija nilichimba nusu mfereji upande huu na nusu upande ule, ili ukifunga vipande upate tundu zima. Mifereji ile unaichimba kwa patasi ya mdomo wa duara, polepole, unapuliza vumbi, unachimba tena. Mwisho unapaka nta ya moto ndani, la sivyo mti unakunywa unyevu na kuvimba, na ile mirija inajifunga yenyewe.

Kosa letu lilikuwa moja, na lilikuwa la kichongaji hasa. Sie tunasifiwa kwa kulinganisha. Twiga wawili, miguu sawa, masikio sawa. Nikachukua bikari, nikapima, nikachonga korodani mbili zilizolingana mpaka unywele, zimening'inia kwenye mstari mmoja. Mzee Kondo akazipitishia kidole akasema hapa hata mie sina la kusema. Tukapaka nta, zikang'aa. Madam Felista alipokuja akavaa miwani, akainamisha kichwa, akasema hii ni mizani ya dukani. Kwa mtu, korodani moja hukaa chini kidogo kuliko mwenzake, na mara nyingi ni ya kushoto. Nikabisha. Nikamwambia miaka yote hii ninazo, nisingejua? Akanijibu taratibu kwamba nikajiangalie.

Jamani, siku ile msala wa nyuma haukupumzika. Wanaume wazima walikuwa wanaaga mmojammoja, huyu anasema anafuata msasa, yule anakwenda kupokea simu, na kila anayerudi amekaa kimya anachonga kwa bidii. Nikaenda na mie, nikarudi. Madam alikuwa sahihi. Wa mwisho kwenda alikuwa Mzee Kondo, na yeye hakurudi upesi. Chai yake ikapoa. Nikasema kwa sauti kwamba Mzaramo amekwenda na futi kamba, anapima kwanza huku, kisha kule, watu wakavunjika mbavu. Alipotokea alikuwa na jasho usoni kama mtu aliyepasua gogo. Akatabasamu kidogo. Hakunijibu. Na Kondo kutokujibu utani ni jambo lililonikaa kifuani mpaka jioni.

Kinyago cha pili nilikichonga kwa utulivu zaidi, na hapo ndipo nilianza kuota. Msinicheke. Kila jioni Madam Felista alikuwa akipita kutazama, anakaa kwenye gogo, na mie namuuliza. Kwa nini korodani ziwekwe nje, mahali pa kuumia? Akasema mbegu za kiume hazipendi joto la mwilini, zinataka ubaridi kidogo, ndiyo maana mfuko unashuka wakati wa joto na kujikunja wakati wa baridi, wenyewe, bila kuamriwa na mtu. Akasema mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na ikishatengenezwa bado haijui kuogelea. Inapelekwa kwenye mrija mwembamba uliojiviringa nyuma ya korodani, mrefu kiasi kwamba ukiunyoosha ungetoka benchini kwangu ukaingia banda la jirani. Humo inakaa, inakomaa. Nikasema kumbe ni kama mbao, haikatwi leo ikachongwa leo.

Halafu nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua mikono. Ule mrija unaotoka kwenye korodani unapanda juu, unapita kwenye kinena, unaingia tumboni, unazunguka nyuma ya kibofu cha mkojo, ndipo unateremka kuungana na njia ya mkojo ndani ya tezi dume. Safari yote hiyo kwa kitu ambacho kinataka kutokea hapo jirani tu. Fundi gani anapitisha bomba namna hiyo? Madam Felista akacheka, akasema mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake zinaanzia juu, karibu na figo. Kabla hajazaliwa zinashuka taratibu mpaka zinatoka nje, na mrija unazifuata nyuma.

Aliondoka, mie nikabaki nimekaa na patasi mkononi. Watu walikuwa wanafunga mabanda. Nilikuwa nawaza kila mwanaume niliyewahi kumjua, baba yangu, waliokuwa wananidai, mashehe na mapadri, wote walishasafiri hivyo kizani kabla hawajazaliwa na hakuna hata mmoja anayekumbuka. Toka siku ile nilikuwaga nikilala naota nimekuwa mdogo, natembea ndani ya mfereji wa mninga, kuta zina joto, zina mistari ya mti, na mbele kuna maji yananong'ona. Mpaka leo naiota. Ni ndoto nzuri.

Sasa Bi Tatu. Bi Tatu ni mke wa Mzee Kondo, mwanamke wa pwani mwenye maneno machache na khanga zilizopigwa pasi. Siku moja alikuja bandani na chakula cha mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniita pembeni kwenye magogo. Akaniambia mzee hakojoi. Anasimama msalani mpaka miguu inamtetemeka, yanatoka matone, anarudi, akikaa tu anataka kwenda tena. Ameacha kunywa maji ili asiende. Miguu imeanza kuvimba. Amenunua mizizi kwa watu wa barabarani, ameinywa, imemtapisha. Hospitali hataki kuisikia. Nikamuuliza wanawe wanasemaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Watoto watamuulizaje baba yao habari za huko? Na yeye mkewe ameshasema mpaka mzee amehamia chumba cha nje.

Halafu akasema, "Wewe mtani wake, Kulwa. Wewe huna haya. Nisaidie, mume wangu anakufa mbele yangu."

Kesho yake nilifika mapema, nikachukua tezo yake. Si tezo ya hivihivi, ilikuwa na mpini wa mkwaju aliourithi kwa baba yake, umeingia alama za vidole vya watu wawili. Nikaificha. Alipofika nikapanda juu ya benchi nikatangaza kwamba kwa mila za babu zetu waliobeba mizigo mpaka Bagamoyo, nimemkamatia Mzaramo huyu tezo yake. Hakomboi kwa kuku wala kwa pesa. Anakomboa siku nitakayomwona kwa macho yangu ameingia chumba cha daktari wa njia ya mkojo, kwa sababu yeye siku hizi anakojoa kama bomba la mtaani kwetu, unaweka ndoo asubuhi unakuja kuichukua jioni.

Watu wakacheka. Mzee Kondo akacheka pia, kisha akaacha, akanitazama. Alijua nani amenituma. Lakini mila ni mila, hakuweza kununa. Akaazima tezo za watu, ya huyu nzito, ya yule imepinda, kila jioni kifundo cha mkono kinamuuma. Akanitumia wazee wenzake kuniomba. Nikawaambia wazee shikamooni, tezo haitoki. Ilipofika siku ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, akaja amevaa kanzu, akasimama mbele ya benchi langu akasema haya twende, mjinga wewe.

Nilikaa kwenye benchi la korido ya hospitali wakati yeye yuko ndani. Kipimo kile nyie mnakijua kwa kukiogopa. Daktari anavaa glavu na kukupima kwa kidole kupitia nyuma, kwa kuwa tezi dume imekaa chini ya kibofu, mbele tu ya njia ya haja kubwa, na hakuna pengine pa kuigusa. Ni muda mfupi sana. Wanachukua na damu, na kwake walichukua na kinyama kidogo kukipima. Mzee alitoka haniangalii. Nikatoa tezo yake kwenye gazeti nikampa palepale, na njia nzima mpaka nyumbani alikuwa ameipakata mapajani.

Majibu yalikuja, haikuwa saratani. Ilikuwa tezi tu imekua kwa sababu ya umri, na njia ya mkojo inapita katikati yake, kwa hiyo ilivyokua ikaibana. Lakini daktari alisema imebana vibaya, mkojo unabaki ndani, figo zimeanza kuchoka, na dawa peke yake hazitoshi. Inatakiwa operesheni. Mzee Kondo akaitikia, akapewa vidonge, akapangiwa siku ya kurudi. Hakurudi. Bandani akawaambia watu amepona.

Nikapanda tena juu ya benchi. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu kuhusu Wazaramo na woga. Sikufika mbali. Akanyanyua mkono, akaongea polepole tu. "Kulwa, leo usinitanie."

Miaka yote ile alikuwa ananiita Mnyamwezi. Nikashuka. Tukakaa kwenye magogo, na akaniambia kilichokuwa moyoni. Mtaani kwake kulikuwa na mtu aliyepelekwa kwenye operesheni hiyo, na watu wanasema alirudi si mwanaume tena, anakaa tu kibarazani kama mwanamwali. Akaniuliza wakishamkata pale, atabaki nani? Heri afe Kondo mzima akaswaliwe akiwa mzima. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namhurumia, vyote pamoja, na utani wangu wote ulikuwa umekwisha.

Sasa sikilizeni vizuri. Madam Felista alileta oda nyingine. Safari hii alitaka kinyago chenye tezi dume mbili za kuchomoa na kupachika: moja nzima, ukubwa wa ndimu ndogo, na nyingine iliyokua, ili wanafunzi waone tofauti. Kidole gumba changu kilikuwa kimeanza kuuma kipindi kile, hilo si uongo. Nikachonga ile nzima. Ile iliyokua nikaiweka kwenye benchi la Mzee Kondo pamoja na picha, nikamwambia kitu kidogo cha mviringo, hiki chako. Kama nilifanya kwa makusudi? Mniulize, nami nitasema kidole kilikuwa kinauma.

Alichukua kipande cha mninga, akakigeuzageuza, akafumba macho. Alichonga siku kadhaa na banda likajua kumwacha. Aliniuliza mara moja tu, tundu la katikati libanwe kiasi gani. Nikamwambia njiti ya kiberiti ipite kwa shida. Akaitikia. Mvua ilikuwa inanyesha siku aliyomaliza, mabati yanapiga kelele, wateja hakuna. Akaja na tezi yake kiganjani, imepigwa msasa mpaka inaonekana laini kama kitu chenye uhai, akasema tujaribu kama inakaa.

Tulifunga vipande, nikaziba maungio kwa nta. Kwanza nikapachika tezi nzima, nikamimina maji kwenye kibofu. Yakashuka yote kwa mkupuo mmoja, yakamwagika sakafuni. Halafu nikachomoa, nikapachika ya kwake. Nikamimina.

Tone. Tukasubiri. Tone lingine. Mzee Kondo alikuwa amechuchumaa, uso wake karibu kabisa na ule mlango wa mti, anatazama kila tone linavyojikusanya, linavyosita, linavyoanguka. Sijui tulikaa muda gani. Mwisho matone yakakoma na kibofu bado kina maji karibu nusu. Akaweka kidole juu ya kibofu, taratibu, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

"Kwa hiyo ni mti tu umezidi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Mzee. Akachomoa ile tezi, akachukua patasi yake ndogo ya duara, na kabla sijamzuia akaanza kuichimba kwa ndani, oda ya watu ile! Akachimba tu kwenye tundu, ganda la nje hakuligusa. Akapuliza vumbi, akaipachika, akamimina maji mwenyewe. Yakashuka yote.

Ndipo akaniuliza uanaume unakaa wapi hapo. Nikamwonyesha. Nikamwambia kinachokuotesha ndevu na kukutamanisha kinatengenezwa huku chini, kwenye korodani, na huku hawagusi. Mishipa ya fahamu inayosimamisha inapita nje ya ganda, na wao wanachimba ndani. Nikamwambia pia alichonieleza Madam, kwamba baada ya operesheni hii shahawa mara nyingi hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka mbele, hazidhuru, zinatoka na mkojo, ila kupata mtoto kwa njia ya kawaida inakuwa shida. Na nikamwambia mie ni mchonga twiga, akamuulize daktari yote haya, asinisikilize mie peke yangu. Akafikiri. Akasema watoto anao na wajukuu wanamkojolea kitanda, hilo lisimsumbue mtu.

Kwa daktari alikwenda na Bi Tatu, na mie nikawafuata. Nyie mnajua alichouliza? Alitaka kuiona patasi. Daktari, kijana mpole mwenye kipara cha mapema, hakuelewa. Mzee akamweleza kwamba yeye ni fundi, na mtu hawezi kumchimba bila kuona chombo chake. Daktari akatafuta picha kwenye simu, akamwonyesha: kifaa chembamba kinachoingia kwa njia ileile ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mwishoni kina kiwaya kinachopata moto na kukwangua kidogokidogo. Mzee akauliza ganda linabaki? Linabaki. Kisha akamwomba daktari amnyooshee mikono. Daktari akainyoosha juu ya meza, vidole vimetanuka. Mzee akaitazama kwa muda, akaishika, akapitisha kidole gumba kwenye viganja. Akasema haitetemeki, sawa.

Lakini kuchelewa kote kule kulikuwa na gharama yake. Daktari alisema operesheni anaiamini, asichokiamini ni kibofu. Kibofu ni msuli. Kikivutwa na mkojo uliojaa kwa muda mrefu kinaweza kuchoka kisijue tena kusukuma, na hapo hata njia ikifunguliwa, mtu atabaki na mpira wa kupitishia mkojo na mfuko wake kiunoni siku zake zote. Atakapotolewa mpira baada ya operesheni ndipo itajulikana. Kinyago changu hakikuweza kutuambia hilo. Kibofu cha mninga hakina msuli, maji yalishuka kwa sababu maji hushuka. Niliona Bi Tatu anakunja ncha ya khanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Wakamlaza, wakamwekea mpira kwanza figo zipumzike, kisha wakamchimba. Kila nikienda kumwona alikuwa amelala anatazama dari, mkojo umejaa damu, halafu siku zilivyokwenda ukawa wa pinki, halafu ukawa mkojo. Hatukutaniana. Tulikuwa tunaongea habari za mbao. Aliniambia usingizini anasikia mvua ya siku ile ya mabati, na matone.

Asubuhi waliyomtoa mpira walimpa maji anywe mengi, wakasema akijisikia aende mwenyewe. Ilipofika karibu na adhuhuri akajisikia. Tulimsindikiza mpaka mlango wa msala wa wodi, Bi Tatu upande huu, mie upande ule. Akasema basi, niachieni. Akafunga mlango.

Tukasimama koridoni. Mle ndani kimya. Watu wanapita na vyakula, toroli la dawa linapita, mle ndani kimya. Nikamsikia anakohoa. Nikamsikia anasema bismillahi. Kikaanza kitu, kikakatika, na Bi Tatu akanishika mkono wa shati, yeye ambaye hakuwahi hata kunipa mkono wa salamu. Nilitazama sakafu. Nilikuwa namwomba Mungu wangu na Mungu wake kwa pamoja.

Halafu sauti ikaja. Kwanza nyembamba, kisha ikapata nguvu, ikapiga kwenye sinki la choo, haikatiki, inaendelea, inaendelea. Sijawahi kusikia maji yakishuka kwa raha namna ile. Bi Tatu aliteleza na ukuta mpaka chini, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha, khanga usoni, analia kwa sauti, mabega yanaruka. Nesi mmoja akatoka wodini mbio, uso umebadilika, maana pale wanazijua sauti za kilio. Akachuchumaa, akamshika mabega, akamuuliza mama, pole mama, ni nani aliyetutoka?

Bi Tatu akashusha khanga. "Hakuna msiba, mwanangu," akasema. "Mume wangu anakojoa."